Nguruwe wa Siku ya Bendera

Vanwori, Kisiwa cha Pentekoste
3 Machi 1980

Kwa shemeji yangu Ruben Tabi, mzee wa kanisa, Lonmara

Shemeji,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nataka nguruwe wangu.

Usiniambie hujui alipo. Wiki iliyopita dada yako Mabon alivuka mto mchana kweupe, kamba ya nguruwe mkononi, na watu wa kwenu walitoka kumtazama kana kwamba analetwa bibi harusi. Mwanamke kurudi kwao ni jambo la kawaida katika ndoa. Hukasirika, hukaa, moyo ukipoa hurudi, na mimi silizungumzii hilo. Nazungumzia nguruwe, ambaye hana ugomvi na mtu. Jino lake limejikunja likazunguka hata likarudi kwenye taya, na mwingine wa namna ile hayupo upande huu wote wa kisiwa. Nilimtoa mbele ya watu: tarehe thelathini Julai, siku tutakapokuwa nchi huru, nimuue chini ya bendera na nipewe daraja langu la heshima kwa desturi ya wazee. Wewe mwenyewe ulikuwepo na ulipiga makofi.

Basi mfunge kamba vizuri, umkabidhi yeyote anayevuka kuja huku.

Ni mimi mwenye subira,
Atanasi Bule, Katekista


Lonmara
9 Machi 1980

Shemeji Atanasi,

Barua yako nimeisoma jikoni kwa sauti, maana dada yangu alikuwa anakuna viazi vikuu na mikono yake ilikuwa na kazi. Nilipofika pale pa "jambo la kawaida katika ndoa" aliacha kukuna. Ningekuwa wewe, shemeji, sentensi ile ningeila mwenyewe kabla haijavuka mto.

Sasa sikia upande wa pili. Anasema alitoka shambani na mzigo wa kuni mgongoni, akakuta umechomeka kuti la mnamele langoni. Kila mtu anajua kuti lile ni mwiko, asiyeliweka havuki. Ulitaka kuonyesha kwamba nguruwe amekwisha kutolewa, sawa. Lakini kwenu zizi na jiko vina lango moja! Mke wako alisimama nje na kuni zake mpaka bega likamwuma, na wewe uko nyumba ya wanaume unakunywa kava ya mizizi na kupongezwa. Akajiuliza, kama jikoni kwangu siruhusiwi kuingia, kwangu ni wapi? Ndipo akaja kwao. Kuti hakuligusa. Nguruwe alitokea kwenye tundu la ua upande wa mto, akamfuata, yeye akamshika kamba asipotee. Kama kuna aliyevunja mwiko ni nguruwe, na nguruwe si mtu wa dini.

Halafu anauliza, anauliza tu: tangu meno yake ya juu yalipong'olewa ili ya chini yapate nafasi ya kujikunja, nguruwe yule hawezi kutafuna kitu kigumu. Ni nani aliyempondea magimbi asubuhi na jioni tangu akiwa kitoto? Na ni nani aliyempa jina la Mheshimiwa?

Mheshimiwa mwenyewe hajambo. Jana amekula laplapu yangu yote ya viazi vikuu pamoja na majani yaliyoifunika.

Shemeji yako,
Ruben Tabi


Vanwori
14 Aprili 1980

Shemeji Ruben,

Naona umekuwa wakili. Acha mimi, katekista, nikukumbushe sheria za wazee. Kuti la mwiko aliyeliweka ndiye hulitoa, na hulitoa kwa kuua nguruwe. Nililiweka kwa ajili ya nguruwe mwenye jino la mviringo, siwezi kulitoa kwa kinguruwe cha kuazima, kijiji chote kitacheka mpaka Krismasi. Kwa hiyo jiko limefungwa, na mimi niliyelifunga naliheshimu kuliko wote. Nakula biskuti na samaki wa kopo. Nyumba ya wanaume wameanza kuniita Mzungu kwa sababu ya makopo ninayotupa.

Padre alituletea picha ya bendera mpya. Unajua wameweka nini katikati? Jino la nguruwe lililojikunja, na ndani yake makuti mawili ya mnamele. Watu wote kanisani waligeuka kunitazama. Nimeapa kwamba sikupeleka habari za nyumba yangu makao makuu Vila.

Tuje kwenye kazi. Kamati imesema upande wetu utakuwa na bendera moja, pale mlangoni mwa mto, kijiji chenu cha misheni ya Waingereza na chetu cha misheni ya Wafaransa pamoja. Na tuigize historia ya nchi, tangu meli ya kwanza ya wazungu mpaka siku hiyo yenyewe. Sisi tumeamua kwamba nahodha wa kwanza atatoka kwenu, kwa kuwa mnajua Kiingereza na miguu yenu imezoea viatu.

Nguruwe asipewe nazi nyingi, tumbo lake halizipendi.

Atanasi Bule


Lonmara
6 Mei 1980

Shemeji,

Nahodha Mwingereza alichelewa. Mwalimu Hosea ametusomea kitabu: wa kwanza alikuwa Mhispania, alifika kisiwa cha Santo zaidi ya miaka mia moja na sitini kabla yake, naye alikuwa Mkatoliki safi, na mapadre wake melini. Kwa hiyo nahodha wa kwanza ni wenu, na sisi hatuna wivu.

Nikusimulie mkutano ulivyokuwa, maana mjumbe wenu alilala. Mwalimu alisoma kwamba yule Mhispania alishuka pwani, akapiga magoti, akaibusu ardhi, akaipa nchi jina jipya refu la watakatifu, kisha akawatuma watu wake na bunduki zao wapande mlimani wakachukue nguruwe. Mama mmoja akauliza, waliomba? Mwalimu akatazama kitabu, akasema hapana. Walimuuliza hata aliyewafuga? Mwalimu akatazama tena, akasema kitabu hakimtaji aliyewafuga.

Wanawake wote, wa kwetu na wa kwenu, wakamwangalia dada yangu. Naye akasema polepole, huku anasuka mkeka wake: "Mpeni Atanasi. Huyo hahitaji mazoezi."

Umechaguliwa shemeji, na hakuna aliyepinga. Mengine yamepangwa vizuri. Baada yako watakuja wale matapeli wa meli waliowabeba babu zetu kukata miwa ng'ambo kwenye mashamba ya wazungu ya Kwinslandi. Kisha Serikali Mbili, yaani Mfaransa na Mwingereza wanaotutawala pamoja, wataigizwa na wanaume wawili ndani ya suruali moja, kila mmoja anatembea kwake. Wamejaribu jana, suruali imechanika katikati na watu wamesema hapo ndipo historia ilipoelezwa sawasawa.

Ruben


Vanwori
2 Juni 1980

Shemeji Ruben,

Nilipopata barua yako nilitaka nisikujibu mpaka kiama. Baadaye nimefikiri.

Nikikataa, watu wa kwenu watasema Vanwori hatuitaki bendera. Mmekwisha anza kunong'ona kwamba sisi wa Kifaransa tuko pamoja na wale wa Santo wanaotaka nchi yao peke yao. Wengine wa kwetu wako nao, sikatai. Mimi simo. Nitakwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Mwaka ule nilipopelekwa ng'ambo Numea, kwa Wafaransa, kutibiwa jicho, askari wa bandarini aliniuliza mimi ni raia wa nani. Nikamwambia kwetu kuna serikali mbili, za wakubwa wawili. Akaniuliza, basi wewe ni Mfaransa? Nikasema hapana. Mwingereza? Hapana. Akasema, mtu mzima kama wewe lazima uwe kitu fulani. Akanikalisha kwenye benchi pamoja na mizigo isiyo na wenyewe. Nilikaa pale nikiwa na serikali mbili na sina hata moja, na niliona aibu ambayo mpaka leo inanichoma. Siku niliposikia habari za bendera, nilitaka kutoa kitu kikubwa kuliko vyote tulivyonavyo. Ndiyo maana nilikimbia kumtoa yule nguruwe. Nilikimbia mno.

Nitakuwa huyo Mhispania. Lakini nipewe kofia yenye manyoya, na bunduki ya mbao isiwe ile ya watoto.

Na jambo moja dogo. Kipindi hiki cha baridi nguruwe husumbuliwa na kikohozi, mwaka jana kilimshika vibaya. Anafunikwa vizuri? Lile blanketi la kijivu liko huku, naweza kulileta.

Atanasi


Lonmara
5 Julai 1980

Shemeji yangu,

Nguruwe yule hajakohoa tangu azaliwe. Aliyekohoa mwaka jana ni dada yangu.

Nilipoisoma sehemu ile alicheka, kisha akatoka nje akakaa huko mpaka laplapu ikaiva. Ile ya benchi aliniomba nimsomee tena. Anasema miaka yote hii ulimwambia Numea kulikuwa kuzuri na watu wakarimu. Sikuielewa sura yake. Nilimwuliza, je, unataka kurudi? Akaniambia hakuna aliyemwita. Nikamwambia mumeo kila wiki anaandika. Akasema, anaandika kwa nguruwe.

Nami nimechoka kuwa daraja, wanaovuka wote wananikanyaga. Isitoshe nimeitwa Vila, nikasimame na wazee wengine siku bendera kubwa itakapopandishwa. Naondoka na meli ya mbata wiki ijayo, na huku kwetu maandalizi yote nimemwachia Mabon. Kuanzia sasa ukiwa na neno, mwandikie mwenyewe. Kusoma anajua kuliko mimi, na ukitaka ukweli, zile barua zako alikuwa akizisoma tena peke yake nikishalala.

Andika kitu kimoja tu, shemeji. Unakijua.

Ruben


Vanwori
18 Julai 1980

Kwa Bi Mabon, Msimamizi wa Maandalizi, Lonmara

Ndugu Msimamizi,

Kuhusu sherehe ya tarehe 30, naomba kukujulisha kwamba mtumbwi wa Mhispania uko tayari na tanga tumelishona kwa shuka za misheni. Kofia ipo, manyoya ni ya jogoo wa Padre, ambaye bado hajajua. Mlingoti umechongwa na kupakwa mafuta ya nazi, jambo ambalo sasa tunalijutia kwani hakuna anayeweza kuupanda kufunga kamba.

Kwa mujibu wa mchezo, nitashuka, nitapiga magoti, kisha nitamnyang'anya mwanamke mmoja nguruwe. Ningependa kujua ni mwanamke gani na ni nguruwe gani, ili nijiandae.

Huku sote wazima. Mvua ilinyesha, paa la jiko linavuja upande wa mashariki, nimelitazama kutoka nje ya lango. Mkungu wa ule mgomba ulioupanda karibu na kisima umekomaa na sijui kama unataka ukatwe au ungoje. Nyumba imekuwa kubwa. Nilitaka kuandika jambo lingine lakini karatasi imekwisha.

Wako katika kazi,
Atanasi Bule, Mhispania


Lonmara
22 Julai 1980

Mume wangu,

Karatasi yako ina upande wa pili. Nimeugeuza, ni mweupe kabisa.

Mwanamke ni mimi, nguruwe ni Mheshimiwa. Jiandae.

Barua zako nimezisikia zote. Unaandika vizuri, hata kaka anasema ungekuwa karani. Lakini kuti hukuniwekea kwa barua. Ulilichomeka mbele ya watu, huku wakipiga ngoma, na mimi nikasimama mbele ya watu haohao kama mgeni nje ya mlango wangu. Sijui kama unaelewa nilivyojisikia. Nilijisikia kama wewe kwenye benchi lile, na aliyenikalisha si askari, ni mume wangu.

Ukiwa na neno, lilete siku ya bendera, uliseme kwa mdomo. Ukiwa huna, chukua nguruwe kama kitabu kinavyosema, na kila mtu abaki upande wake wa mto. Sitakufanyia fujo, nitakuachia kamba.

Ndizi zikate, zitaoza.

Mabon


Vanwori
2 Agosti 1980

Kwa shemeji Ruben Tabi, kwa mkono wa Mchungaji, Vila

Shemeji yangu mpendwa,

Ninyi huko mlikuwa na bendi na wageni wenye medali. Sisi tulikuwa na mlingoti wenye mafuta na Mhispania mwenye hofu, lakini nakuhakikishia watu wa Vila hawakuona tulichokiona.

Usiku ule kwangu haukuwa na usingizi. Asubuhi pwani ilijaa, wa kwenu na wa kwetu wamechanganyika, hata wale watatu wa kwetu walio upande wa watu wa Santo, waliosema hawaji, walikuja wakasimama nyuma, wakisema wanapita tu. Nilishuka mtumbwini. Tanga liliniangukia, watu wakacheka, nikatoka chini yake kofia ikiwa imekaa upande. Nilipiga magoti, niliibusu ardhi, mchanga ukaingia mdomoni. Nikaipa nchi jina refu la watakatifu na watoto wakajibu kwamba ina jina tayari. Mpaka hapo mambo yalikwenda kama tulivyofanya mazoezi.

Kisha nikamwona. Alikuwa amejifunga mkeka mwekundu, ule wa harusi yetu, na Mheshimiwa amekaa miguuni pake, amepakwa mafuta, jino linang'aa. Alikuwa ameshika kamba kwa mkono mmoja, kilegelege, ili nichukue. Alisema hatafanya fujo na kweli hakuwa na nia ya kufanya fujo. Hilo ndilo lililonitisha, shemeji. Kama angeishikilia ningejua bado ananigombania.

Bunduki iliniponyoka. Mwalimu Hosea alikuwa ananinong'oneza kutoka nyuma ya mnazi: chukua, chukua. Nami nikasahau Kihispania changu chote na nikauliza, "Mama, nguruwe huyu ni wa nani?"

"Ni wangu," akasema. "Nimemlea."

"Nilimtoa bila kukuuliza."

"Ndiyo."

Nyuma ya mnazi mwalimu akaanza kupekua kitabu. Mabon akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wale watatu wanaopita tu, "Sasa unaomba nguruwe, au unaomba nini?"

Shemeji, mimi nimehubiri mbele ya watu miaka kumi na mitano na sijawahi kukosa sauti. Siku ile ilinibidi nianze mara mbili. "Nakuomba wewe," nikasema. "Nguruwe kaa naye. Nakuomba urudi nyumbani. Kikohozi kilikuwa chako, nilijua ni chako, niliona haya kuandika."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa kwenu alikuwa analia waziwazi, na mke wa mwalimu pia. Mabon alipita mbele yangu, kamba mkononi, mpaka chini ya mlingoti, akawaambia wazee wa vijiji vyote viwili kwamba nguruwe yule anamtoa yeye, Mabon, kwa ajili ya nchi, kwa sababu amependa. Wazee walinong'onezana. Mmoja akasema mwanamke kumtoa nguruwe wa jino la mviringo ni jambo ambalo hajaliona. Mwingine akamwambia hata bendera hujaiona, umekuja kufanya nini? Basi wakampa rungu. Alimpapasa kwanza nyuma ya sikio, pale anapopenda kupapaswa, akamsemesha kidogo, sikusikia nini. Kisha akamuua kwa pigo moja, na machozi yakamtoka, na wazee wakalitangaza daraja lake mara tatu kama ilivyo desturi. Daraja hilo ndilo lile nililolitaka. Sasa ninapompita kwenye nyumba za watu sharti niiname kidogo. Naona kiuno kitazoea.

Bendera ikapanda. Aliyefunga kamba alikuwa mmoja wa wale watatu, ni yeye tu aliyeweza kuukwea mlingoti ule. Nilivua kofia. Nikalikumbuka benchi la Numea na nikatamani yule askari aniulize tena.

Mwalimu Hosea bado hasemi nami. Anasema watoto wa darasa la tatu wameandika kwenye daftari zao kwamba mzungu wa kwanza aliomba nguruwe kwa adabu akaambiwa asubiri, na hajui atayafutaje. Suruali ya Serikali Mbili imechanika mara ya pili, sasa haishoneki.

Nyama tuligawana, fungu lako dada yako amekutengea. Jioni alivuka mto, mikeka yake kichwani, nami nikimfuata nyuma na vyungu. Tulipofika langoni akatua mzigo. Kuti nililiweka mimi, lakini nguruwe kamuua yeye, basi haki ya kuliondoa nikamwachia, akaling'oa kwa mkono wake, limekauka likawa la kahawia. Akaingia jikoni. Nikamsikia akifagia, akivunja kuni, akiwasha moto, akilitukana paa linalovuja.

Mimi nilibaki nje na vyungu vyangu. Mguu ulitaka kuingia wenyewe, kama ulivyozoea, nikauzuia. Halafu nikapiga hodi jikoni kwangu, kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Akaniacha nisimame kidogo. Kisha akasema, "Karibu."

Shemeji yako,
Atanasi Bule